Zotero kwa darasa la saikolojia: maoni ya mwalimu wa Kisumu

Kama uko na haraka jibu ni hili: pakua Zotero, programu ya kukusanya vyanzo na kuandika marejeleo, ni bure, inafanya kazi, na kama unafundisha saikolojia sekondari itakupunguzia vurugu nyingi sana. Lakini haitamfunza mtoto kutaja chanzo. Hiyo kazi bado ni ya mwalimu, na nataka nieleze vizuri tofauti iko wapi juu naona walimu wengi wanaambiwa tu "tumia hii apu" halafu wanakaa wakingoja miujiza.

Mimi nafundisha saikolojia kwa shule moja hapa Kisumu inayofuata mtaala wa IB, yaani International Baccalaureate. Najua kuna mtu atauliza saikolojia sekondari inatoka wapi, manake kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, somo hilo haliko, wengi hulisikia mara ya kwanza wakifika chuo kikuu, Maseno ama Egerton. Wanafunzi wangu wengi wametoka shule za kawaida, wamefunzwa insha vizuri kabisa, lakini hakuna siku mtu amewahi kuwauliza "na hii umeitoa wapi?" Insha unaitoa kichwani mwako na unasifiwa. Sasa mtoto anaingia kwangu anaambiwa kila dai liwe na mwenyewe, liwe na mwaka, na liwe na mahali mtu mwingine anaweza kwenda kuliangalia. Inawashtua kweli. Mwanzo wa mwaka karibu kila esei inaanza na "utafiti umeonyesha kwamba". Utafiti gani? Wa nani? Ulifanyiwa watu wangapi, na wapi? Kimya.

Na si kwamba ni wavivu, hapana. Hakuna aliyewaonyesha. Mtoto anajua kuiba maneno ya mtu ni makosa, hilo wote wanalijua, kile hajui ni kwamba hata ukiandika kwa maneno yako mwenyewe wazo bado ni la mwenyewe. Nikisema hivyo darasani naona macho yanapanuka. Hapo ndipo somo linaanzia, na hapo hakuna sofutwea inayoweza kusaidia.

Kabla ya Zotero wanafunzi walikuwa wanatumia zile websaiti za kutengeneza marejeleo moja kwa moja, sitazitaja. Unapesti linki, unangoja tangazo liishe, unafunga tangazo lingine, halafu unapewa mstari ambao jina la mwandishi ni "Admin" na mwaka ni wa jana, juu jana ndio ukurasa ulibadilishwa. Mtoto anakopi anapesti anafurahi, ameweka marejeleo. Halafu sasa kuna hizi programu za akili bandia, na hapa naomba wazazi pia wasome. Ukiiuliza ikupe vyanzo kumi vya mada fulani inaweza kukupa kumi, vimepangwa vizuri kabisa kwa mtindo wa APA, ule wa marejeleo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, majina ya watafiti wa kweli, jarida la kweli, na makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Nimepokea kazi za aina hiyo. Unasoma orodha unaona iko safi kuliko ya wenzake wote, na usafi wenyewe ndio unakufanya uanze kushuku.

Sasa Zotero. Ilianza mwaka 2006 huko George Mason University, Virginia, Marekani, kwa kituo chao cha historia na midia kinaitwa Roy Rosenzweig Center. Mwanzo ilikuwa kitu cha kuongezea tu kwa Firefox, siku hizi ni programu kamili ya Windows, Mac na Linux, na iko chini ya shirika lisilo la kutafuta faida. Hakuna kipindi cha kujaribu ambacho kikiisha unaitishwa kadi ya benki. Hakuna matangazo. Kwa shule ambayo kila kitu cha komputa lazima kipite kwa mhasibu hilo pekee linatosha kuanzia.

Inavyofanya kazi: unaweka programu kwa komputa, unaweka pia kile kipande cha brauza kinaitwa Connector. Mwanafunzi akifungua makala ya jarida anabonyeza kitufe kimoja juu ya brauza, na taarifa zote zinaingia kwa maktaba yake, waandishi, mwaka, jina la makala, jarida, juzuu, kurasa. Ama kama ako na DOI, ile namba ya kudumu ambayo majarida huipa kila makala, anabonyeza kitufe chenye picha ya fimbo ya mazingaombwe, anaandika namba, anabonyeza enta. Inakubali pia ISBN ya kitabu. Baadaye akiwa anaandika kwa Word, LibreOffice ama Google Docs anaingiza rejeleo pale pale ndani ya sentensi, na orodha ya mwisho inajijenga yenyewe.

Hiyo orodha kujijenga ndiyo imenisaidia zaidi kufundisha. Kanuni ya APA inayosumbua watoto kuliko zote si koma wala italiki. Ni ile ya kwamba kila chanzo ulichotaja ndani ya esei lazima kionekane kwa orodha, na kila kilicho kwa orodha lazima kiwe kimetajwa ndani. Unaweza kuisema mpaka koo likauke. Lakini mtoto akifuta rejeleo ndani ya aya na kuona jina limetoka kwa orodha mbele ya macho yake, anaelewa hizi ni pande mbili za kitu kimoja. Na wale waliokuwa wanajaza orodha na vitabu ambavyo hawajavigusa ili ionekane ndefu, hapo wanakwama, manake bila kukitaja mahali hakijiingizi.

Wacha niwape mfano wa darasani, juu hapa ndipo niliona faida ambayo sikuitarajia. Kila mwanafunzi wa saikolojia anajua Loftus na Palmer, 1974, ule utafiti wa magari. Watu wanaonyeshwa filamu ya ajali, wengine wanaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, wengine yalipopondana, na neno lenyewe linabadilisha jibu. Wote wanaiandika. Sasa niliwaambia wasitoe kwa noti zangu wala kwa kitabu cha mtihani, waweke DOI kwa Zotero, 10.1016/S0022-5371(74)80011-3, waone inaleta nini. Ikaleta: Journal of Verbal Learning and Verbal Behavior, juzuu 13, toleo 5, ukurasa 585 mpaka 589. Msichana mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu, kwani ni kurasa tano tu?" Tano. Utafiti uliojaza sura nzima za vitabu vyenu ni kurasa tano, na mtu wa miaka 17 anaweza kuzisoma mpaka mwisho kabla ya lanchi.

Tukazisoma. Jaribio la pili lilikuwa na wanafunzi 150, na wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, na kwa filamu hakukuwa na vioo vilivyovunjika. Kwa lile kundi la "yalipopondana" watu 16 kati ya 50 walisema ndio. Kwa kundi la "yalipogongana" 7 kati ya 50, na kwa wale ambao hawakuulizwa kuhusu mwendo kabisa, 6 kati ya 50. Kwa hivyo hata kwa lile kundi lenye neno kali, watu 34 walisema hapana, hawakuona vioo. Darasa lilinyamaza kidogo halafu kijana mmoja akafungua esei yake akabadilisha sentensi iliyokuwa inasema Loftus na Palmer wamethibitisha watu hukumbuka vioo ambavyo havikuwepo. Akaandika baadhi ya watu. Neno moja "baadhi" limetoka kwa kufuata chanzo mpaka mwisho. Rejeleo likifundishwa hivyo linaacha kuwa adhabu ya mwisho wa kazi.

Nikiwa hapo hapo kwa APA, kuna kitu huwa nawaambia na kinawafanya waheshimu huu mtindo badala ya kuulalamikia. Ulizaliwa ndani ya saikolojia yenyewe. Mwaka 1929 kikundi kidogo cha wasomi kilichapisha maelekezo ya kurasa saba kwa jarida la Psychological Bulletin ili waandishi waache kila mmoja kuandika kivyake. Leo unatumiwa hata na walimu na manesi, na toleo la saba ndilo tunatumia, lilitoka mwishoni mwa 2019. Mwaka unawekwa karibu na jina kwa sababu kwa saikolojia mwaka ni sehemu ya habari. Bandura na wanasesere wake, ule utafiti wa watoto kuiga ukali wa watu wazima, ni 1961, watoto 72 wa chekechea ya Stanford. Msomaji akiona 1961 anajua mara moja ni dunia gani hiyo, kabla ya simu za mkononi, kabla ya intaneti. Mwanafunzi akielewa hivyo hasahau mwaka tena.

IB yenyewe, kwa wazazi wasiojua, haimlazimishi mtoto kutumia mtindo fulani, anaweza kuchagua MLA ama Harvard. Inachotaka ni afuate mmoja tangu mwanzo hadi mwisho na vyanzo vyote vionekane. Kwa Zotero kubadilisha mtindo ni suala la kuchagua kwa orodha, na hati yote inageuka. Mitindo iliyopo ni zaidi ya elfu kumi. Kwa ile esei ndefu ya maneno 4,000 hii inaokoa machozi, manake mtoto anayeandika ya saikolojia na APA bado ako na mwalimu wa historia anayetaka tanbihi chini ya ukurasa.

Sasa wacha nizungumzie kitu ambacho kiko karibu na roho yangu. Toleo la saba la APA linasema chanzo chenye waandishi watatu kwenda juu, ndani ya esei unataja wa kwanza tu halafu et al., yaani "na wengine", tangu mara ya kwanza. Ni rahisi, na Zotero inafanya yenyewe. Lakini angalieni utafiti wa mwaka 2001 kwa jarida la Intelligence uliofanywa hapa hapa kwetu, Usenge, Siaya. Walipima watoto 85 ujuzi wao wa dawa za miti shamba, ile elimu ambayo mtoto wa kijijini anaipata kwa nyanya yake, halafu wakalinganisha na mitihani ya aina ya shule. Wakakuta waliojua dawa zaidi hawakuwa wanafanya vizuri zaidi kwa hiyo mitihani, uhusiano ulielekea upande mwingine kabisa. Yaani akili inayokuokoa ukiwa na homa Usenge na akili inayokupa alama ni mambo mawili tofauti. Wanafunzi wangu wanaupenda huu utafiti kuliko wote, kuna wenye nyanya zao ni wa Bondo.

Ndani ya esei unaandikwa Sternberg et al., 2001. Basi. Mmarekani mmoja. Lakini ukishuka kwa orodha ya mwisho majina yote saba yako pale, na mmoja wao ni Okatcha, Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. APA inataka uorodheshe waandishi mpaka 20 bila kuruka hata mmoja, na ni kwa orodha hiyo pekee mtoto wa Kisumu anaona Mkenya alikuwa ndani ya hiyo kazi. Ndio maana nakasirika nikiona orodha imekatwa, ama ile websaiti ya matangazo imeandika mwandishi wa kwanza ikaacha wengine. Hizo koma na herufi za mwanzo za majina ni watu. Kuna pia Carol Ember, 1973, kwa jarida la Ethos, alichunguza vijana wa Kijaluo kule Oyugis ambao nyumbani walipewa kazi za wasichana juu hakukuwa na dada wa kutosha, na jinsi hizo kazi zilivyohusiana na tabia zao. Nikiweka hiyo kwa maktaba ya darasa, wavulana wanabishana wiki nzima.

Maktaba ya darasa, hiyo nayo ni kitu kizuri. Unafungua kikundi, unawaalika wanafunzi, kila mtu akiweka chanzo wote wanakiona. Yangu iko na folda kwa kila mada, na mwanafunzi akileta chanzo kipya lazima aandike kwa noti yake sentensi mbili: nani alifanya nini na kwa watu gani, na yeye amesoma nini, makala yote ama muhtasari tu. Hakuna kosa kusoma muhtasari, kosa ni kujifanya umesoma yote.

Hapo tunaingia kwa jambo gumu kuliko yote, chanzo ndani ya chanzo. Mtoto amesoma kuhusu Albert mdogo, yule mtoto mchanga aliyefunzwa kuogopa panya, kwa kitabu cha darasa, hajawahi kuona karatasi ya Watson na Rayner ya 1920, lakini anaandika Watson na Rayner kama mtu aliyekuwa kwa chumba. APA inasema utaje wa kwanza, useme umemsoma kupitia nani, na kwa orodha uweke kile kitabu ulichoshika mkononi. Zotero haiwezi kujua ulishika nini. Unachofanya ni kuingiza kile kitabu, halafu unabonyeza kile kiputo cha rejeleo, kuna kisanduku cha kuongeza maneno mbele, hapo ndipo unaandika Watson na Rayner, mwaka, na kwamba wametajwa na fulani. Ni hatua chache tu lakini lazima uwaonyeshe, hawataigundua peke yao.

Na kwa nini ni muhimu? Kitty Genovese. Aliuawa New York, Machi 1964, na New York Times ikaandika watu 38 walitazama na hakuna aliyepigia polisi simu wakati anashambuliwa. Hiyo hadithi imekaa kwa vitabu vya saikolojia kwa miaka mingi, mmoja anamtaja mwenzake, huyo anamtaja mwingine. Mwaka 2007 Manning, Levine na Collins wakarudi kwa rekodi na kuandika kwa American Psychologist kwamba ushahidi haukubali hiyo picha ya watu 38 wamekaa dirishani wakiangalia bila kufanya lolote. Utafiti wa Darley na Latané wa 1968 kuhusu watu kutosaidia wakiwa wengi bado uko, huo ulifanywa maabara na unasimama wenyewe. Lakini hadithi iliyouzaa ilipitishwa mkono kwa mkono bila mtu kurudi kwenye shina. Nikimaliza kusimulia hii hakuna anayeniuliza tena kwa nini nasumbua watu na vyanzo.

Kuna kitu kingine Zotero inafanya ambacho walimu wengi hawajui. Inalinganisha maktaba yako na orodha ya Retraction Watch, na kama makala imeondolewa na jarida lake inaonyesha onyo jekundu. Kwa somo letu hii si mapambo. Diederik Stapel wa Uholanzi alikuwa mtu mkubwa kwa saikolojia ya jamii, mwaka 2011 ikajulikana alikuwa anatunga data, na zaidi ya makala 50 zake zikaondolewa. Bado zinapatikana kwa intaneti, mtoto anaweza kuokota moja kwa nia njema kabisa. Muonyeshe hilo onyo mara moja tu darasani, hawatalisahau.

Na hata kwa ile shida ya akili bandia inasaidia kidogo. Mwanafunzi akileta orodha ninayoishuku namwambia tukae tuweke DOI moja moja. Ya uongo hailipi, ama haileti kitu ama inaleta makala ya mambo mengine kabisa, ya samaki, ya simiti. Hakuna haja ya kugombana wala kumwita mzazi hapo, tunaangalia tu skrini pamoja.

Sasa mambo ya kuangalia, juu msije mkasema sikuwaambia. Zotero inachukua kile ukurasa umeandikwa, haina akili ya kujua ni sahihi. Magazeti mengi ya mtandaoni hayaweki jina la mwandishi mahali komputa inaweza kulisoma, kwa hivyo lazima mtoto aangalie na ajaze mwenyewe. Makala nyingine jina lake linakuja limejaa herufi kubwa kila neno, na APA kwa orodha inataka herufi kubwa mwanzoni tu, na baada ya nukta mbili, na kwa majina maalum. Unabonyeza kulia kwa jina la makala unabadilisha, halafu unarudisha kwa mkono herufi kubwa za majina kama Kenya.

Halafu mashirika. Kwa mwandishi kuna visanduku viwili, jina la ukoo na jina la kwanza. Mtoto akitaka kuweka Kenya National Bureau of Statistics akaigawanya kwa hivyo visanduku viwili, orodha itaandika Statistics, K. N. B. of, kama jina la mzee fulani. Kando ya jina kuna kitufe kidogo cha kufanya kisanduku kiwe kimoja, kibonyeze, shida imeisha. Kwa majina yetu pia uwe macho. Sisi tunaandika jina lipi mbele, la baba ama letu, kila mtu kivyake, na majina yenye "arap" ama "wa" katikati mara nyingi yanakatwa vibaya. Kanuni yangu ni moja, angalia mwandishi mwenyewe anajiandikaje kwa kazi zake, mfuate huyo.

Kuhusu vifaa. Komputa za maabara yetu si mpya na inafunguka sawa. Taarifa zinakaa ndani ya komputa kwa hivyo stima ikirudi na intaneti bado haijarudi mtoto anaendelea kuandika na kuingiza marejeleo aliyonayo, intaneti inahitajika tu kuleta vyanzo vipya na kusawazisha, na kama anaandikia Google Docs. Nafasi ya bure ya mafaili kwa seva yao ni MB 300, PDF zikiwa nyingi hiyo inajaa, lakini taarifa zenyewe za marejeleo hazihesabiwi humo. Mimi nawaambia wasisawazishe PDF, wasawazishe taarifa tu, na bando inapona.

Kwa mwanafunzi ambaye ako na simu pekee, ama anaandikia saiba pale Kondele, kuna ndugu yake mdogo, ZoteroBib, iko zbib.org. Hakuna kujisajili, hakuna kuweka programu. Unaandika DOI ama ISBN ama unapesti linki, inakutengenezea orodha, unakopi. Ila ijulikane orodha inakaa kwa hiyo brauza tu, kwa hivyo ukiwa saiba usiondoke bila kutengeneza ile linki ya kuhifadhi na kujitumia, la sivyo kesho unaanza upya. Kwa esei fupi ya kurasa mbili tatu ZoteroBib inatosha kabisa, sioni haja ya kuwalemea watoto wa kidato cha chini na programu nzima.

Mwalimu mwenzangu mmoja husema hivi vitu watafunzwa chuoni, tusiwachoshe. Sikubaliani naye kabisa. Chuoni darasa ni la watu mia tatu, hakuna mhadhiri atakayekaa na mtoto mmoja kumuuliza hii sentensi umeitoa wapi. Sisi tuko na ishirini. Wakati wa kumkalisha ni sasa. Ila namuunga mkono kwa kitu kimoja, usianze na programu. Wiki za kwanza nawapa karatasi na kalamu, kitabu kimoja, makala moja, ukurasa mmoja wa websaiti, waandike marejeleo matatu kwa mkono na waniambie kila kipande kiko pale kwa sababu gani. Anayejua kwa mkono akiona Zotero imekosea anaiona. Asiyejua anaamini kila kitu kilichotoka kwa komputa.

Kwa alama naipa Zotero tisa kwa kumi kwa darasa la saikolojia la sekondari, ZoteroBib nane. Zile websaiti za matangazo sizipi kitu.

Walimu wa Nakuru na Kakamega mnaotaka kuanza muhula huu, kabla hujasema neno kwa darasa mwombe mtu wa komputa wa shule aweke programu na Connector kwa mashine zote, juu mara nyingi nenosiri la kuweka vitu anakuwa nalo yeye peke yake. Mwambie aangalie pia kama kile kichupo cha Zotero kimeonekana juu kwa Word. Kisipoonekana utapoteza kipindi kizima mkitafuta kitufe na watoto watarudi kwa ile ya kupesti linki.